Bustani ya mtaa Moshi: uzio ulivyofukuza watu, na walivyorudi

Kisa hiki ni cha kaeneo kamoja ka wazi hapa Moshi mjini, upande wa Majengo, mtaa wenyewe siutaji maana wahusika wote wapo na kuna wawili watatu hadi leo hawasalimiani vizuri kwa sababu ya hii ishu. Ni kadogo kweli, kama robo ya uwanja wa mpira hivi. Mbele kuna lami na kijiwe cha bodaboda, kulia nyumba za watu zimebanana, nyuma ukuta wa shule ya msingi, kushoto korongo la maji ya mvua ambalo kiangazi ni dampo na masika ni mto kabisa.

Naandika kwa kirefu kwa sababu siku hizi kila mji unataka bustani na watu wanadhani bustani ni swala la hela tu. Hapa hela ilikuwepo. Bustani ikajengwa, utepe ukakatwa, picha zikapigwa, afu pakabaki patupu. Na huo utupu ndo una mafunzo, maana mchoro haukuwa mbaya kwa macho, vifaa havikuwa feki, na kontrakta alimaliza kazi yake.

Kabla ya hapo palikuwa na vumbi tu, ila lilikuwa vumbi lenye watu. Kona ya barabarani palikuwa na mwarobaini mkubwa, chini yake wazee wanacheza drafti ya vizibo vya soda kuanzia saa tatu asubuhi, kivuli kikihama na wao wanahama na benchi lao. Pembeni yao mama mmoja wa ndizi mbivu na parachichi, beseni juu ya stuli, mwavuli umefungwa kwa kamba kwenye shina. Kutoka kwenye nyumba kuja barabarani kulikuwa na njia ya mguu imekata eneo kwa mshazari, watu wameichimba kwa nyayo miaka na miaka, asubuhi wanawahi hiace nayo, wanafunzi wanapita nayo, hata jeneza likitoka mtaani linapita hapo hapo. Jioni machalii wanapiga chandimu, na kando yao wasichana wa darasa la nne la tano wanacheza rede. Hakuna aliyepaita bustani, lakini kazi ya bustani ilikuwa inafanyika.

Wakaja wafadhili, watu wa nia njema kabisa, wakamleta mchoraji kutoka mbali, na mchoraji akaja na picha za kompyuta. Nimeziona. Majani yamekatwa kama ya uwanja wa gofu, chemchemi katikati inarusha maji, na wanaotembea humo ndani ni mzungu na mkewe na mbwa. Mbwa wa Majengo anatembezwa na nani jamani. Lakini mkutanoni watu walipiga makofi na mi siwalaumu, mtu aliyezoea vumbi ukimwonyesha majani atapiga makofi tu.

Sasa kuna jambo ambalo mtu wa nje hawezi kulielewa haraka, kwamba uzio waliuomba wakazi wenyewe, tena wazee ndo walioshika bango. Sababu yao ni ya maana. Maeneo ya wazi kwenye miji yetu tunajua yanavyoliwa: kwanza unakuta tofali zimemwagwa, hakuna anayejua za nani, baada ya muda kibanda, afu siku moja anatokea mtu na karatasi. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka ardhi itumike kama mchoro uliopitishwa unavyosema, na kubadili matumizi kuna utaratibu wake, lakini mchoro uko ofisini na tofali ziko kiwanjani. Kwa hiyo kwa wale wazee uzio wa chuma haukuwa urembo, ulikuwa ndo hati yao ya ule uwanja. Hili likumbuke maana lilisumbua sana baadaye.

Ikajengwa. Uzio wa chuma mrefu kumpita mtu mzima, geti moja tu, la barabarani, na kuingia unapanda ngazi mbili. Pevingi karibu eneo zima. Majani kwenye vipande vitatu na kibao cha usikanyage. Mabenchi ya zege yasiyo na pa kuegemea, yamepangwa mstari mmoja yakiangalia chemchemi. Mchongoma umepandwa kwa nyuma kuficha ukuta wa shule. Mwarobaini ukakatwa, eti mizizi yake itanyanyua pevingi, na badala yake ikapandwa ile mitende ya mapambo myembamba ya mahotelini ambayo kivuli chake kinamtosha mjusi.

Jamani hii ni Moshi siyo Arusha. Arusha iko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, huku tuko kwenye 900 hivi, na Januari na Februari jua la hapa mnalijua. Zege likianza kupata jua asubuhi, ikifika saa tano hulikalii, na baya zaidi ni kwamba linatunza joto, jua likishashuka benchi bado linakuunguza kuanzia chini. Kwa hiyo saa ambazo mtu angetaka kukaa ndo saa ambazo hapakaliki.

Matokeo yakaja moja moja. Wazee wa drafti wakahamia kibarazani kwa fundi gereji. Mama wa ndizi akaambiwa biashara hairuhusiwi ndani, akakaa nje, akafukuzwa na nje. Njia ya mshazari ikawa imezibwa na uzio kwenye upande wa nyumba, watu wakazunguka wiki ya kwanza kwa adabu, wiki ya pili vyuma viwili vikawa vimepindwa, kontrakta akavinyoosha, vikapindwa tena. Machalii wakahamishia mpira barabarani kwenye magari. Chemchemi ilirusha maji siku za mwanzo, afu likaja swali dogo ambalo hakuna aliyeliuliza wakati wa mchoro: luku ya pampu ananunua nani? Hakuna. Maji yakatuama, yakawa ya kijani, mbu wakazaliana, na kina mama wa nyumba za jirani wakaanza kuilaani bustani waziwazi. Masika ya kwanza pevingi zote zile zikateremsha maji kwa pamoja kwenye nyumba za chini. Zamani ardhi ilikuwa inayanywa.

Na usiku nyuma kule kwenye mchongoma wakajaa wavuta bangi. Ni sehemu ambayo barabarani huoni, nyumbani huoni, shuleni kuna ukuta, yaani wamejengewa.

Hapo mtaa ukagawanyika. Kundi moja likasema watu wetu hawajastaarabika, waletewe mgambo. Lingine likasema bora pavunjwe parudi uwanja wa mpira. Aliyeokoa jahazi ni dada mmoja wa hapo mtaani aliyesoma mipango miji Chuo Kikuu Ardhi, yeye hakutaka kubishana na upande wowote, akasema tupeni kauntabuku na vijana wachache, tuhesabu kwanza. Na mi nikawa mmoja wa waliohesabu.

Kuhesabu kwenyewe hakuna sayansi ya kutisha. Unachora eneo kwenye karatasi, unachagua saa, asubuhi watu wanapowahi kazini, mchana wa jua, saa kumi shule ikitoka, magharibi, unafanya siku ya kazi na wikendi, afu kila saa unaandika nani yuko wapi: mtoto, kijana, mtu mzima, mzee, mwanamke au mwanaume, kakaa, kasimama au anapita tu. Basi. Mmarekani mmoja anaitwa William H. Whyte alifanya hivo New York miaka ya 1970, yeye alikuwa na kamera, akawa anarekodi viwanja vidogo vya katikati ya mji, kwa nini hiki kimejaa na kile cha jirani kitupu. Jibu lake kuu linachekesha kwa urahisi wake: watu hukaa penye pa kukaa. Siyo umbo la uwanja, siyo ukubwa, siyo sanamu. Akagundua pia kwamba mtu hahitaji benchi rasmi, ukingo wowote wenye kimo cha kuanzia sentimita 30 hadi 90 utakaliwa, mradi uwe na upana na usiwe na vyuma vya kumchoma. Na kwamba watu wanafuata watu, wanakaa pembeni ya mapito ambapo wanaona wengine.

Ndo maana daftari letu likatoa picha ya ajabu. Ndani ya uzio mchana karibu hakuna mtu. Nje ya uzio wapo. Wamekaa kwenye ule msingi wa zege unaoshika vyuma, kimo chake kama cha stuli, upande wa nyumba ambako mparachichi wa jirani umetupa kivuli juu ya uzio. Yaani bustani ilikuwa na watu, ila wameipa mgongo. Nilimwona mama mmoja amekaa pale anachambua mchicha kwenye ungo, mwanaye kapitisha mkono kati ya vyuma anavuta jani la huko ndani. Dada wa daftari akamfuata.

“Shikamoo mama. Mbona umekaa huku, na ndani mabenchi yapo?”

“Marahaba mwanangu. Ndani nikakae na nani?” Akaelekeza ungo upande wa geti. “Na mlango wenyewe mmoja. Akiingia mlevi akasimama pale, mi natokea wapi?”

Hilo jibu kwangu ndo kiini cha kisa kizima, maana mchoraji aliweka geti moja kwa ajili ya usalama. Mlinzi mmoja, mlango mmoja, hesabu rahisi. Lakini usalama wa mlinzi siyo usalama wa mwanamke aliyeko ndani. Kwenye daftari wanawake walikuwa wanapungua kuanzia saa kumi na moja jioni, na magharibi wanaisha kabisa, na hakuna aliyewafukuza. Wenyewe tu wamepima njia za kutokea wakaona hazipo.

Siyo sisi peke yetu. Vienna, mji mkuu wa Austria, miaka ya 1990 waligundua kwamba wasichana wakishafika miaka tisa kumi wanapotea kwenye bustani za mji, wavulana wanabaki. Hawakukatazwa, ila kwenye kugombania nafasi na wavulana walikuwa wanashindwa na kuondoka. Kuanzia mwaka 1999 wakazichora upya bustani mbili za wilaya ya tano kama majaribio, wakaongeza njia za kupita katikati, wakaweka viwanja vya voliboli na badmintoni, sehemu za kukaa, wakagawa eneo kubwa kuwa vipande ili kundi moja lisitawale lote, na wasichana wakarudi. Ni mji wa kitajiri wa Ulaya, lakini jambo hilo hilo mama wa mchicha kalisema huku Majengo akiwa na ungo mkononi.

Baada ya kuhesabu ikaja kuuliza, na hapa pia kuna la kujifunza. Mkutano wa kwanza uliitishwa siku ya kazi saa nne asubuhi ofisi ya mtaa. Walikuja wazee wa kiume na wagombea watarajiwa wa udiwani. Ukiwasikiliza hao, mahitaji ya mtaa ni uzio uongezwe urefu. Kwa hiyo ikabidi maswali yawafuate watu walipo: kwenye kioski cha maji, saluni, kijiweni kwa boda, nje ya kanisa na nje ya msikiti, na shuleni kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Na humuulizi mtu unataka bustani gani, maana atakujibu majani na maua kama alivyoona kwenye simu. Unamuuliza jana saa kumi ulikuwa wapi, umekaa juu ya nini, kwa nini ulinyanyuka. Hapo anakwambia ukweli.

Wasichana wa shule ndo walionishangaza. Sisi wote tulidhani mahitaji yao ni bembea, na bembea ilikuwa tayari imeandikwa kwenye bajeti. Wakasema bembea ni za watoto. Wao wanataka kucheza rede bila mpira wa wavulana kupita kati yao kila dakika. Rede inataka nafasi, kuna wa kurusha huku na wa kurusha kule na mkwepaji katikati, inataka mstari ulionyooka na ardhi isiyochubua magoti. Pevingi zinachubua. Hakuna mchoro hata mmoja uliowahi kuweka rede, nadhani kwa sababu wachoraji wengi hawajawahi kuicheza.

Haya, kazi ya kubadilisha. Hela iliyobaki ilikuwa kidogo kwa hiyo ikabidi kutumia kilichopo. Kubwa lilikuwa uzio, na wazee wakakataa katakata usiguswe, tumeshasema sababu. Mzee mmoja akasimama akauliza mkiutoa huo, kesho akija mtu na tofali mtamwonyesha nini? Swali zuri. Ikachukua vikao kadhaa mpaka likapatikana jibu la vipande: uzio unabaki upande wa korongo ili watoto wasidondoke, pande nyingine unakatwa, bikoni zote, yale mawe ya mpaka ya wapima ardhi, zinatafutwa na kupakwa rangi nyeupe zionekane, linasimamishwa bango lenye namba ya kiwanja na matumizi yake yaliyopitishwa, na mpakani vinapigwa vigingi vya vyuma vilivyojazwa zege, vimeachana mita moja na kidogo. Gari la tofali halipiti. Mtu anapita, mama na mtoto mgongoni anapita, na kaka mmoja wa pale mtaani anayetumia baiskeli ya miguu mitatu ya kuendesha kwa mikono naye anapita. Huyu kaka tangu bustani ifunguliwe alikuwa hajawahi kuingia, zile ngazi mbili zilikuwa ukuta kwake. Ngazi zikavunjwa ukawekwa mteremko, na kipimo cha mteremko kinachokubalika ni kwamba kila sentimita 10 za kupanda uwe na angalau sentimita 120 za urefu, ukifupisha hapo mtu mwenye mikono yake tu hapandi, au akishuka anabiruka.

Vyuma vilivyokatwa havikutupwa. Fundi wa kuchomelea alivigeuza migongo ya mabenchi, na mabenchi yenyewe yakatolewa kwenye ule mstari yakapangwa mawili mawili yakitazamana kwa pembeni, karibu na mapito. Mzee wa drafti anahitaji mwenzake awe mbele yake, siyo ubavuni. New York kuna kabustani maarufu kanaitwa Paley Park, kalifunguliwa 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, kana kama mita za mraba 390 tu kati ya majengo, na siri yake mojawapo ni viti ambavyo kila mtu anakisogeza anapotaka. Dada wa mipango miji alilitaja hilo kikaoni, bodaboda wakacheka hadi basi. Huku viti vya kuhama vingehama kweli.

Njia ya mshazari ikarudishwa pale pale ilipokuwa, hakuna aliyepima upya, walifuata vyuma vilivyopindwa. Chemchemi ikajazwa mchanga wa korongo uliochekechwa, ukingo wake wa mviringo ulikuwa tayari una kimo cha kukalia, kwa hiyo wadogo wanacheza katikati na wazazi wamekaa wamewazunguka. Nikisema ukweli hiyo ndo sehemu inayotumika kuliko zote sasa hivi na iligharimu mikokoteni ya mchanga tu.

Mchongoma ukapunguzwa hadi kiunoni na kule nyuma ndo kukawa uwanja wa rede na chandimu. Pevingi za pale ziling'olewa, chini ukawekwa udongo na ukoka. Kuna mstari wa matairi yaliyozikwa nusu unaotenganisha, wavulana huku, rede huku. Siku za mwanzo wavulana waliuvuka wakidai upande wao mdogo. Ni kweli ni mdogo. Hilo halijaisha vizuri, wakubwa wa sekondari wamekosa pa kuchezea na hakuna wa kuwalaumu wakirudi barabarani, eneo lenyewe halitoshi mpira wa watu wazima na ni bora kuwaambia hivo kuliko kuwadanganya.

Kivuli kilichukua mjadala mrefu, na hapo ndo nilifurahi maana watu wa huku kivuli wanakijua. Nenda kihamba chochote, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, cha juu huko, unakuta mringaringa na mgrevilea juu kabisa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na maharage, kila mmoja anapata jua kwa kipimo chake. Mabibi walioletwa kuulizwa walichagua miti kuliko mtaalamu yeyote. Mringaringa kwenye mabenchi, kwa sababu unatanuka. Mwarobaini kona ile ile ya zamani, kwa sababu unakua haraka na jua la Moshi unalistahimili. Mparachichi ukakataliwa, siyo kwamba haufai kwa kivuli, ila watoto wataupiga mawe na mawe yatashukia vichwani. Ila mti siyo bati, hauwekwi leo ukatoa kivuli kesho, kwa hiyo zikasimamishwa nguzo na neti nyeusi ya kivuli ile ya vitaluni, itolewe miti ikishajitegemea. Bati walilikataa kwa sababu linawamwagia joto waliokaa chini yake.

Na maji ya masika nayo yakapata dawa ya kienyeji. Kilimanjaro tuna mifongo, ile mifereji ya kumwagilia, tangu mababu, maji yanashuka kutoka mlimani hadi vihambani kwa mteremko tu bila pampu. Zikang'olewa pevingi mistari kadhaa, vikachimbwa vifereji kutoka sehemu ya juu vinavyopitia kwenye mashimo ya miti, mvua ikinyesha miti inakunywa kwanza na kinachobaki kinaenda korongoni. Nyumba za chini msimu uliofuata hazikuingiwa na maji.

Sasa wafanyabiashara. Hapa ndo palipowaka moto. Daftari lilionyesha kitu ambacho bwana afya na wafadhili hawakutaka kukisikia, kwamba alipo mama wa ndizi ndipo watu wanaposimama, na watu wakisimama wavuta bangi wanaondoka wenyewe. Yeye ni mlinzi asiyelipwa. Taa za sola ziliibiwa betri, lakini balbu ya mangi wa duka iliyogeuzwa iangalie bustani haijaibiwa, kwa sababu mangi mwenyewe kakaa chini yake hadi saa nne usiku. Kwa hiyo hoja ikawa wauzaji warudishwe, kwenye midomo ya njia, siyo katikati. Wote wakakubali. Afu likaja: nani?

Ndani ya siku mbili orodha ilikuwa ndefu kuliko bustani. Binamu wa mjumbe alitaka, shemeji wa mjumbe mwingine alitaka, mtu wa chipsi alitaka na jiko lake la gesi na meza nne. Kilichoamua ni lile kauntabuku. Walioandikwa wakati wa kuhesabu wakiwa wanauza hapo au ukingoni ndo waanze, wengine wasubiri nafasi. Masharti matatu hivi: hakuna kibanda wala nguzo ya kudumu, kila kitu kinaenda nyumbani jioni, na kila mmoja anafagia mdomo wake wa njia asubuhi na jioni. La kibanda lilitoka kwa wale wale wazee wa uzio, maana kibanda ndo tofali la kwanza. Na usafi Moshi siyo jambo la kubembelezana, faini ya kutupa taka kila mtu anaijua na mji unajivunia jina lake. Muuza mahindi ya kuchoma akapelekwa upande wa korongo ili moshi usiwafuate waliokaa. Alinuna, sasa anauza kuliko wote.

Mi nina wasiwasi mmoja na mpango huu, kwamba unamtegemea mtu. Mama wa ndizi akiumwa mwezi mzima, au mwenyekiti mpya akija na watu wake, daftari litawalinda? Halina mhuri wala halimo kwenye sheria ndogo yoyote. Dada wa mipango miji anasema lipelekwe kwenye vikao vya kata liandikwe kama utaratibu wa matumizi ya eneo, wazee wanaogopa likifika huko litarudi na ushuru. Wote wana hoja.

Kilichobaki kabisa ni choo. Hesabu ya mwisho wanawake wanakaa hadi magharibi, wazee wamerudi na vizibo vyao, lakini ukifuatilia mtu mmoja mmoja unaona mama anakaa muda flani afu ananyanyuka anaenda, na sababu siyo jua tena. Choo cha karibu ni cha baa, cha kulipia, na mwanamke mwenye watoto wawili hawezi kuwaingiza baa. Hela ya kujenga matundu mawili imeshapatikana nusu, maji ya bomba yako karibu, na mfagiaji atalipwa na shilingi mia tatu za watumiaji, hesabu hiyo imepigwa na inakaribia kukaa sawa. Mgogoro ni mahali. Mchoro unakiweka nyuma kwenye ukuta wa shule ili kisionekane, kina mama wamesema kikiwa kule hawakikanyagi, wanataka kiwe mbele kwenye taa ya mangi. Bodaboda wamesema kikiwa mbele kitawafukuzia abiria. Mangi mwenyewe anasema yuko tayari kushika funguo, ila mlango wa choo usiangalie duka lake. Kikao cha mwisho kiliisha saa moja usiku bila muafaka, mwenyekiti kakiahirisha hadi baada ya Pasaka.